Faili la mtoto huharibikia wilayani, si Kampala

Mhariri,

Kila wageni, au ndugu zetu walioko ng'ambo, wanapolalamika kwamba wamekwama katika kuasili mtoto wa Uganda, lawama hutupwa Kampala: Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii inachelewa, jaji hana nafasi, ubalozi hauishi maswali. Zipo siku lawama hizo zina haki yake. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kuyasoma mafaili haya kabla hayajafika mbele ya jaji tunaona jambo jingine. Faili linalokwama Kampala mara nyingi lilikwishaharibika wilayani, tena katika wiki za mwanzo, kabla mzazi mtarajiwa hajajua kwamba mtoto huyo yupo duniani.

Tuanze na mtoto aliyeokotwa. Aliyemkuta sokoni au mlangoni mwa kanisa humpeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye huandika barua na kuigonga muhuri. Kisha polisi, dawati la familia na watoto, ambako habari huandikwa katika kitabu cha kituo na kupewa namba, ile inayoitwa namba ya SD. Baada ya hapo afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya ndiye mwenye jukumu. Karatasi hizi zote zina kazi moja: kueleza mtoto alipatikana wapi, lini, na nani, akiwa katika hali gani. Sasa barua ya LC1 inasema Jumanne jioni karibu na stendi. Kitabu cha polisi kinasema Alhamisi, mahali hapakutajwa. Ripoti ya probesheni, iliyoandikwa miezi kadhaa baadaye mtu alipoanza kuitaka, inasema mtoto aliletwa na nyanya yake. Hapo kesi imekwisha badilika. Mtoto mwenye nyanya anayejulikana hakutelekezwa na watu wasiojulikana. Ana ukoo, na sheria inataka ukoo huo uulizwe kwanza. Hakuna wakili wa Kampala anayeweza kuziba pengo hilo miaka 2 baadaye bila kuonekana anatunga.

Namba ya SD ichukuliwe siku ileile, na nakala ya ukurasa wa kitabu igongwe muhuri na kutiwa saini na afisa wa zamu. Vitabu vya kituo hujaa na kuhamishiwa stoo, na maafisa huhamishwa. Anayerudi baadaye kuomba nakala ataambiwa njoo kesho mpaka achoke, na pengine anayemwambia hivyo hadanganyi: kitabu chenyewe hakionekani.

Kutafuta ndugu ndiko kunakofanywa kwa uzembe kuliko hatua nyingine zote. Tangazo la Kiingereza katika gazeti la Kampala kwa mtoto aliyeokotwa Bwera ni karatasi tu, halimtafuti mtu. Wanaomjua mtoto huyo wanasikiliza redio ya Kasese kwa Kikonzo au Kiswahili, na huenda wengine wako ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo. Tangazo litolewe kwa lugha ya pale, lirudiwe kwa siku kadhaa, kisha faili lipate maneno yaliyosomwa, tarehe na saa, na risiti ya kituo cha redio. Barua ya meneja isemayo "tulitangaza" bila tarehe haimtoshi jaji, na ofisa wa ubalozi haimtoshi kabisa.

Wilaya za mpakani zina suala lao la uraia. Katiba, ibara ya 11, inamchukulia mtoto asiyezidi miaka 5 aliyekutwa Uganda, na ambaye wazazi wake hawajulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Basi umri unaoandikwa siku ya kwanza una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto wa miaka 6 aliyevuka na majirani kutoka Kongo hana kinga hiyo, na hati ya kusafiria ya Uganda haitatoka kwa huruma. Mtoto mkimbizi ana njia yake kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Kumpitisha kwenye njia ya mtoto aliyeokotwa ni kuliua faili mapema.

Juu ya umri na majina tuseme zaidi kidogo, maana hapa ndipo ofisi ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa vizazi, hulaumiwa bila kosa. Daktari huandika "takriban miezi 8". Karani wa makao ya watoto, kwa kuwa fomu inataka tarehe, anaweka 1 Januari. Mahakama ya Familia na Watoto inapotoa amri ya matunzo, ile inayomweka mtoto makaoni au kwa mlezi, hakimu anaandika umri aliotajiwa kwa mdomo. Mwisho mtoto ana siku 3 za kuzaliwa, na NIRA haiwezi kumpa cheti cha kuzaliwa chenye zote. Cheti kwa raia ni shilingi 5,000 tu. Kinachogharimu ni kurudi mahakamani kurekebisha amri ili iafikiane na karatasi ya daktari. Kwa majina, chukua mtoto wa Kikonzo. Jina la Baluku hupewa mvulana wa tatu, Bwambale wa pili, Mumbere wa kwanza. Maelfu ya watu wanayo. Kadi ya chanjo ina Baluku peke yake, ubatizo una Joseph, polisi wameandika "mtoto wa kiume", na makao yameongeza jina la mfadhili. Dawa yake ni moja: amri ya matunzo itaje majina yote yanayojulikana ya mtoto huyo, na ripoti ya probesheni ieleze kila jina limetoka wapi. Baada ya hapo asiguse mtu jina mpaka amri ya kuasili itoke.

Na hiyo amri ya matunzo ina mwisho wake. Haizidi miaka 3, na inatakiwa kupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Makao mengi huiweka kwenye kabati kama hati ya kiwanja. Faili likifika Mahakama Kuu na amri iliyokwisha muda, swali la kwanza la jaji ni mtoto huyu amekaa pale kwa idhini ya nani.

Tunafika kwenye ridhaa ya mzazi, mahali ambapo makosa ni mengi na hayaonekani kwa macho. Mahakama zetu zinaandika kwa Kiingereza. Ipo sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na maana yake ya asiyejua kusoma ni pana: ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha iliyotumika katika hati ile. Mama wa Koboko anayesoma Biblia ya Kiswahili bila shida anahesabiwa humo ikiwa hati yake ya kiapo ni ya Kiingereza. Kwa hiyo mwandishi wa hati anapaswa kuweka mwishoni jina lake kamili na anwani yake, na kueleza kwamba alimsomea mama huyo, kwa lugha ipi, na kwamba alielewa kabla ya kutia saini au dole gumba. Sasa soma hati zinavyoletwa. Sehemu hiyo haipo, au ipo kwa maneno ya kunakili: "alisomewa kwa Kiluganda". Mama wa watu anasema Kikakwa na Kiswahili; Kiluganda chake ni cha kusalimia. Jaji mwangalifu anamwita, anamuuliza maswali mawili, na hati inaanguka. Tunasema ni vizuri ianguke. Mama aliyeweka dole gumba akidhani mwanawe anapelekwa kusoma hakutoa ridhaa yoyote.

Afisa wa probesheni anayetaka faili lisimame afanye hivi: amweleze mzazi kwa lugha yake kwamba kuasili kunakata uzazi kisheria, moja kwa moja, na kwamba anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote kabla ya amri kutolewa, aandike majibu ya mzazi kwa maneno ya mzazi mwenyewe, ampe muda, arudi siku nyingine na kuuliza tena. Mtoto mwenye miaka 14 au zaidi ridhaa yake pia inahitajika, na mdogo zaidi mwenye kujieleza asikilizwe. Halafu baba. Ripoti husema "baba hajulikani" huku kadi ya kliniki, iliyobanwa kwenye faili lilelile, ina jina la baba kwenye mstari wa pili. Asipotafutwa, na kutafutwa huko kusipoandikwa, faili lina shimo.

Kuhusu sheria yenyewe, watu wengi bado wanaishi kabla ya 2016. Zamani mgeni alihitaji miaka 3 ya kukaa na mtoto chini ya malezi, na kwa kuwa miaka 3 ni mingi, mawakili waligundua mlango wa pembeni: waliomba amri ya ulezi, mtoto akasafiri, akaasiliwa huko aendako. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yaliufunga mlango huo. Ulezi wa kisheria sasa ni wa raia wa Uganda pekee. Mgeni anayetaka kuasili awe amekaa Uganda angalau mwaka 1, awe amemlea mtoto huyo angalau mwaka 1 chini ya usimamizi wa afisa wa probesheni, asiwe na rekodi ya jinai, awe na pendekezo la mamlaka husika ya nchi yake, na airidhishe mahakama kwamba nchi hiyo itaitambua amri yetu. Juu ya hayo sheria inatamka kwamba kuasiliwa nje ya nchi ni njia ya mwisho, baada ya familia, ukoo na Waganda wengine. Anayekuambia bado anaweza kukupatia amri ya ulezi ndani ya wiki chache anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Mahakama inaweza kusamehe baadhi ya masharti hayo katika hali za kipekee. Mawakili wengine huiandika ombi la msamaha kwa mazoea, kama salamu. Majaji hawana kipimo kimoja, na ombi lisilotaja ukipekee wenyewe, kwa mfano ugonjwa wenye cheti cha daktari au undugu wa damu wenye ushahidi, hurudishwa na miezi imepotea. Mwaka wa malezi nao hauhesabiwi tangu siku ulipompenda mtoto au ulipoanza kumlipia ada. Unahesabiwa tangu hati ya malezi ya kambo ilipotolewa, baada ya jopo la malezi mbadala la wizara kumkubali mlezi. Kila ziara ya afisa iwe na ripoti yenye tarehe. Na viza ya utalii, ambayo haizidi siku 90, haithibitishi ukaaji. Mtu apange mapema kibali kitakachomweka nchini mwaka mzima kihalali.

Ndugu zetu wa diaspora wanaotaka kumchukua mtoto wa dada au kaka aliyefariki wana swali moja la kujibu kabla ya yote: mimi bado ni raia wa Uganda? Mwombaji na mtoto wakiwa raia wote, ombi linakwenda kwa Hakimu Mkuu wa mahali anapoishi mwombaji au mtoto. Mmoja wao akiwa si raia, ni Mahakama Kuu. Aliyechukua uraia wa nje kabla sheria ya uraia pacha haijaanza 2009, na hajaurejesha wa Uganda, ni mgeni mbele ya sheria hata kama kaburi la babake liko Hoima. Mume Mganda na mke Mholanzi wanaoomba pamoja, Mahakama Kuu. Amri iliyotolewa na mahakama isiyo na mamlaka haina thamani, na kosa hilo hugunduliwa ubalozini, mtoto akiwa tayari amefungiwa mizigo. Ongezeni jambo hili dogo: toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba za sura na vifungu. Sheria ya Watoto iliyokuwa Sura ya 59 sasa ni Sura ya 62. Ombi lililonakiliwa kutoka kompyuta ya zamani linataja vifungu ambavyo leo vinasema mambo mengine.

Sasa nchi ya pili. Uganda haijajiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili kati ya nchi na nchi, kwa hiyo hakuna ofisi mbili kuu zinazokubaliana kabla mtoto hajaunganishwa na wazazi. Kila nchi inapima kwa kipimo chake, moja baada ya nyingine. Amri ya jaji wa Kampala si viza. Marekani, kwa mfano, inauliza kama mtoto ni yatima kwa maana ya sheria ya uhamiaji yao: wazazi wote wamekufa, wametoweka au wamemtelekeza, au mzazi aliyebaki peke yake hawezi kumtunza kwa kiwango cha nchini mwake na amemwachia kwa maandishi yasiyorudishwa. Mtoto mwenye wazazi wawili walio hai, maskini lakini wako nyumbani pamoja, anaweza kupata amri hapa na kunyimwa viza kule. Ombi la I-600, fomu ya kuiomba Marekani imtambue mtoto kuwa yatima, liwasilishwe kabla mtoto hajatimiza miaka 16, isipokuwa anamfuata ndugu yake wa damu. Na tangu Julai 2014 ni lazima pawepo wakala mwenye ithibati ya Marekani, hata kwa nchi zisizo za Hague. Hata shangazi anayemwasili mpwa wake kwa njia hiyo anamhitaji wakala huyo. Kisha ubalozi unafanya uchunguzi wake: unapiga simu kwa LC1, unamtafuta afisa wa polisi, wakati mwingine unakwenda kijijini. Ndiyo maana tulianza na barua ya LC1. Ile tofauti ya Jumanne na Alhamisi iliyompita jaji haiwapiti hawa.

Mambo ya mwisho hayana siri nyingi. Ombi linaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama ulioanza 2022, na skani iliyofifia ambayo muhuri hausomeki ni sawa na kutoweka kabisa karatasi hiyo kwenye faili. Mahakama Kuu huenda likizo kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, na tena wakati wa Krismasi. Anayekata tiketi ya ndege ya tarehe 20 Julai amejitakia. Amri ikitoka, iandikishwe NIRA, ndipo pasipoti iombwe: shilingi 250,000 kwa ya kawaida, na 150,000 zaidi ukitaka ya haraka. Kwa viza ya Marekani, mtoto wa miaka 2 na kuendelea hupimwa damu kwa kifua kikuu, na kipimo kikileta shaka hufuata picha ya kifua na pengine makohozi, ambayo huoteshwa maabara kwa wiki 8. Mtoto akohoe leo, viza isubiri. Bora apimwe na kutibiwa mapema, wakati wa mwaka wa malezi, kuliko kuligundua hilo mwishoni.

Kuna wasomaji watakaosema masharti yote haya ni ukiritimba wa kumnyima mtoto nyumba. Tunaelewa uchungu wao, lakini wakumbuke yaliyotokea. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji 2 wa Uganda, pamoja na wakili mmoja na mshirika wake, ikiwatuhumu kushiriki mpango wa kuwachukua watoto kutoka familia za vijijini kwa ahadi ya masomo, kisha kuwapitisha katika kuasiliwa. Maswali mengi ya ubalozi tunayoyaona ya kero leo yanatafuta jambo hilohilo.

Tunachoomba kwa wizara na wilaya hakihitaji bajeti kubwa. Ripoti ya kwanza ya probesheni iwe ya fomu moja nchi nzima, ijazwe ndani ya siku chache tangu mtoto apatikane, na nakala yake ibaki kwa polisi, kwenye makao na wizarani. Afisa anapohamishwa, asaini orodha ya watoto walio chini ya usimamizi wake na mrithi wake asaini kupokea. Leo ripoti za ziara hukatika miezi mizima kwa sababu tu mtu amehamishiwa wilaya nyingine. Ada za wilaya, kama zipo, zitangazwe ubaoni. Malipo yote ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, iitwayo PRN, na hulipwa benki au kwa simu. Mzazi anayeombwa pesa mkononi ili gari la afisa lipate mafuta ya kwenda kijijini aombe PRN, na asipopewa aandike jina la afisa, tarehe na kiasi, apeleke barua hiyo kwa ofisa mkuu wa wilaya na nakala wizarani, abaki na yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wasomaji wenu,
Wasaidizi wa sheria katika masuala ya watoto,
Kampala na Kasese